Ndiyo, angani kuna pombe: kemia ya mahali zinapozaliwa nyota nzito

Kuna ujumbe wa sauti ambao haufi kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa Malindi. Unapotea miezi kadhaa, kisha mtu anaufufua. Msemaji, kwa sauti ya mtu aliyejionea, anasema wanasayansi wamegundua "ziwa la pombe" angani, na sukari, na "dalili za viumbe", na kwamba wakubwa wanatuficha. Majibu yanayofuata nayo yamezoeleka. Wa kwanza atauliza kama huko juu nako kuna mangwe, yaani vilabu vya mnazi. Wa pili ataleta aya. Wa tatu atasema ni uongo wa wazungu. Wa nne, aliyesoma kidogo, atasema ni kweli tupu, uhai umepatikana.

Wote wanne wameteleza mahali, ila wa kwanza angalau ametuchekesha. Pombe ipo. Sukari, ya aina yake, ipo. Viumbe havijaonekana, na ziwa halipo. Wala hakuna aliyeficha kitu: ethanoli, pombe hiihii inayolevya, ilitangazwa kuonekana angani mwaka 1975, na aliyetaka kusoma alisoma. Ujumbe ule unaruka jambo lenyewe, yaani vitu hivyo vinapatikana wapi na kwa nini pale. Vimejazana hasa kuzunguka nyota kubwa zilizo katika kuzaliwa, nyota ambazo macho hayazioni kwa sababu zimefunikwa gubigubi na vumbi. Wataalamu wanazitambua kwa kemikali zake.

Kwanza tuelewane kuhusu vitu vitatu. Nyota nzito ni ile yenye uzito wa majua 8 au zaidi. Ni chache, lakini zina fujo: zinawaka kwa nguvu mno na kufa mapema. Jua letu limepangiwa maisha ya miaka bilioni 10 hivi. Nyota yenye uzito wa majua 20 inamaliza yake katika miaka milioni 10 au pungufu. Molekuli ni atomi mbili au zaidi zilizoshikana, kama maji yalivyo haidrojeni mbili na oksijeni moja. Na wingu la molekuli ni eneo kubwa la anga lenye gesi baridi na vumbi kidogo, ambamo nyota hujikusanya.

Usidhani wingu hilo ni zito. Hewa unayoivuta ufukweni ina molekuli karibu bilioni 25 mara bilioni katika kila sentimita moja ya ujazo. Sehemu nene ya wingu la nyota ina elfu kumi, pengine milioni moja. Pampu nzuri za maabara zinahangaika kupata utupu wa namna hiyo. Ila wingu lenyewe ni pana kiasi kwamba nuru huchukua miaka mingi kulivuka, na ukijumlisha hayo madogo unapata mali ya kutosha kuunda maelfu ya nyota. Joto lake ni nyuzi 260 hivi chini ya sifuri.

Gesi iliyo nyingi kuliko zote humo ni haidrojeni iliyoshikana atomi mbilimbili, na hiyo ikiwa baridi ni bubu; haitoi mawimbi tunayoweza kuyanasa kwa urahisi. Kwa hiyo tunamtegemea shahidi mwingine, kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu wanaolala na jiko la makaa chumbani madirisha yamefungwa. Wanasayansi Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias waliinasa mwaka 1970 kutoka upande wa kundinyota la Jabari. Molekuli hiyo inapozunguka na kupunguza mwendo hutoa wimbi la redio la gigahezi 115, zaidi ya mara elfu moja ya masafa ya stesheni zetu za FM. Kila molekuli ina masafa yake, na haiazimi ya mwenzake. Amonia ilitambuliwa hivyo mwaka 1968, maji na fomaldehaidi mwaka 1969, methanoli mwaka 1970. Leo orodha imepita molekuli 300. Hakuna aliyekwenda kuchota chochote. Ni kusikiliza tu, kisha kulinganisha na vipimo vya maabara.

Sasa tuje kwenye fumbo. Katika gesi nyembamba na baridi namna ile, atomi mbili zinaweza kukaa siku nyingi bila kugusana, na zikigusana mara nyingi zinaachana. Methanoli haiwezi kuundwa humo kwa kiwango kinachoonekana. Lakini inaonekana, na tele. Imetoka wapi?

Imetoka kwenye vumbi. Chembe moja ya vumbi la angani ina upana wa sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Katikati ina madini ya silika au kaboni, na juu yake imevaa barafu: maji kwanza, kisha kaboni monoksidi, kaboni dioksidi, amonia, methani. Humo ndimo kazi inamofanyika. Kaboni monoksidi inatua kwenye chembe na kuganda. Atomi ya haidrojeni inapita, inanaswa. Kwa baridi ile karibu kila kitu kimekwama mahali pake, ila haidrojeni ni nyepesi. Huhamahama juu ya barafu mpaka ikutane na kaboni monoksidi, wakashikana. Ikija haidrojeni ya pili, inapatikana fomaldehaidi, ambayo ikiyeyushwa majini ndiyo fomalini ya mochari. Zikija mbili nyingine, ni methanoli. Haidrojeni nne, basi. Mwaka 2002 Naoki Watanabe na Akira Kouchi wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, waliirudia safari hiyo maabarani: waliimiminia barafu yenye kaboni monoksidi atomi za haidrojeni katika baridi kali ya angani, na fomaldehaidi na methanoli zikatokea.

Hii methanoli, kwa taarifa yako, ndiyo ile inayopenyezwa kwenye pombe haramu na kupofusha watu. Mahali zinapozaliwa nyota nzito iko nyingi kuliko ethanoli. Anayetamani kinywaji cha angani ajue hilo kabla hajaagiza.

Hadi hapa hatujapata nyota. Wingu liko giza, barafu imeganda juu ya vumbi, na darubini ya redio haisikii mengi, kwa sababu molekuli iliyoganda haizunguki, na isiyozunguka haitoi wimbi lake la redio. Kisha sehemu moja ya wingu inaanza kujiporomokea kwa uzito wake, inabanana, na katikati panapata joto.

Fikiria udi. Kipande cha udi kikiwa kwenye kijaluba chake kabatini hakisumbui mtu. Ukikisogeza puani utapata harufu kidogo. Mama akiweka kaa kwenye chetezo na kudondosha kile kipande juu yake, nyumba nzima inajaa, nguo zinanukia, na jirani anajua leo kuna jambo. Lile kaa halikutengeneza harufu. Harufu ilikuwemo siku zote, kaa limeifungulia mlango. Nyota nzito inayozaliwa ni lile kaa, na vumbi lenye barafu ndiyo udi. Joto likifika nyuzi 250 hivi chini ya sifuri, kaboni monoksidi inatoka kwanza. Likipanda mpaka nyuzi 150 hadi 170 chini ya sifuri, maji na methanoli yanatoka kwa pamoja, na yote yaliyofichwa humo yanamwagika kwenye gesi kwa muda mfupi. Hapo ndipo darubini inapopata mkururo wa masafa: methanoli, ethanoli, etha, asidi ya fomiki, sianidi za aina kadhaa. Jirani, ambaye ni sisi, anajua kuna kaa limewashwa ndani ingawa halioni.

Sehemu hiyo wataalamu huiita kiini cha joto, na jina hilo lisikutishe. Joto lake hufika nyuzi 30 hivi za Selsiasi, au zaidi kidogo karibu na katikati, yaani siku ya kawaida Malindi. Ni joto kwa sababu kilichopo jirani ni cha nyuzi 260 chini ya sifuri.

Watu wengi wanaamini kwamba kemikali hizo zimepikwa na moto wa nyota. Baadhi huundwa baadaye, gesi ikishapata joto, hilo ni kweli. Lakini akiba kubwa iliwekwa wakati wa baridi. Mwaka 2024 wachunguzi walitangaza kwamba darubini ya James Webb imeona ethanoli ikiwa bado barafu karibu na nyota changa, mojawapo ikiwa nyota nzito. Udi umeonekana ungali kwenye kijaluba.

Kwa nini tunahangaika na nyota nzito, wakati Jua letu si mojawapo? Nyota ndogo nazo zina viini vya joto, vidogo sana. Nyota nzito inapasha moto eneo lenye upana wa maelfu ya mara ya umbali wa Dunia na Jua, kwa hiyo kemia yake inasikika kutoka mbali. Pia kuna haraka. Nyota ndogo huchukua mamilioni ya miaka kutulia, na wakati huo unaweza kuitazama. Nyota nzito hukimbilia utu uzima. Inaanza kuunguza haidrojeni ndani yake huku bado inameza gesi, na safari nzima kutoka wingu baridi hadi nyota iliyopasua ganda lake ni kama miaka laki moja tu. Kwa hesabu za angani hiyo ni asubuhi moja. Huwezi kuisubiri. Unachoweza ni kutazama mawingu mengi na kuuliza kila moja limefika hatua gani, na kemikali ndizo zinazojibu: kaboni monoksidi iliyopungua kwa kuganda inaonyesha wingu bado baridi, methanoli nyingi inaonyesha kiini kimepata joto, na silikoni iliyoungana na oksijeni inaonyesha kwamba mkondo wa gesi umegonga vumbi kwa kishindo mpaka madini yakang'oka.

Na mwisho wake pia unasomeka humo. Mama akilipuliza kaa likawa jekundu kupita kiasi, udi unaungua. Badala ya harufu unapata moshi na kikohozi. Nyota nzito ikikomaa hutoa mionzi mikali ya urujuanimno inayovunja molekuli na kuzivua atomi elektroni zake. Haidrojeni iliyovuliwa hivyo hufika joto la nyuzi 10,000 na kung'aa kwa wekundu. Hizo picha nzuri za mawingu ya rangi ya waridi zinazosambazwa ni za hatua hii ya mwisho, wakati methanoli na wenzake wameshaungua pale katikati na kubaki pembeni tu. Ukiona picha ya kupendeza, ujue kemia yenye ladha imepita au iko nyuma ya pazia. Wekundu ule ni wa kweli, ingawa jicho lako kwenye darubini ndogo litaona kijivu kwa sababu nuru ni hafifu. Picha za James Webb ni suala jingine: mwanga wake karibu wote ni wa infraredi usioonekana kwa macho, na rangi wanazipanga wataalamu.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu mchango mkubwa ulitoka Afrika. Kwenye mkia wa kundinyota la Nge kuna wingu liitwalo NGC 6334, zaidi ya miaka ya nuru elfu nne kutoka hapa. Ndani yake methanoli hufanya jambo la ajabu kidogo: mwanga wa infraredi unaichochea mpaka molekuli nyingi zitoe wimbi la gigahezi 6.7 kwa pamoja na kulikuza, na hiyo huitwa maseri, ndugu wa redio wa leza. Maseri hiyo ya gigahezi 6.7 hupatikana karibu na nyota nzito zinazozaliwa tu. Mwanzoni mwa 2015 darubini ya Hartebeesthoek, nje ya Johannesburg, iliona maseri za NGC 6334 zikipanda ghafla, za methanoli, za maji, na nyinginezo. ALMA, ile jamii ya antena 66 iliyoko Chile kwenye uwanda wa mita 5,000, ikakuta vumbi la mahali hapohapo limeongeza mwanga mara nne ukilinganisha na vipimo vya miaka iliyotangulia. Nyota changa ilikuwa imemeza tonge kubwa la gesi kwa mkupuo, ikawaka mara 70 hivi ya mwanzo. Hakuna aliyeiona nyota yenyewe. Methanoli ilitoa habari kabla ya wengine.

Turudi kwa wale wanne wa WhatsApp, tuwajibu kwa hesabu. Hata kwenye kiini cha joto chenye gesi nene, ethanoli haizidi molekuli moja hivi kwa kila sentimita ya ujazo, tukikadiria kwa ukarimu. Kujaza glasi moja ingebidi uchekeche mchemraba wa anga wenye upande wa zaidi ya kilomita elfu moja, ambao ni mbali kuliko kutoka hapa hadi Kampala, juu, chini na pembeni. Na ukishamaliza umekusanya pia methanoli, sianidi na fomalini. Anayesema ziwa, amejumlisha tone moja moja la eneo kubwa kuliko mfumo wetu wote wa sayari kisha akasahau kusema hivyo.

Sukari iliyotangazwa mwaka 2000 ni glaikolaldehaidi, molekuli ya atomi nane, ya familia moja na sukari lakini si ile ya chai. Ilipatikana Sagittarius B2, wingu kubwa karibu na kitovu cha galaksi yetu, mahali palipotoa uvumbuzi mwingi kuliko pengine popote. Mwaka 2009 ikatangazwa humohumo fomati ya ethili, mojawapo ya vitu vinavyolipa tunda la rasiberi ladha yake, na magazeti yakaandika kwamba kitovu cha galaksi kinanukia ramu. Sijui nani anafaidika na vichwa vya habari vya hivyo, msomaji hafaidiki.

Ama uhai, kosa linaanzia hapa: wakemia huita molekuli yenye kaboni na haidrojeni molekuli ya kikaboni, iwe imetoka kwenye embe, kwenye petroli, au kwenye vumbi la angani ambako hakuna aliyewahi kupumua. Kuonekana kwake ni habari ya kemia tu. Ni kweli kwamba baadhi ya malighafi hizi zinaweza kuingia kwenye vimondo na sayari, na hilo linachunguzwa kwa bidii. Lakini kutoka malighafi hadi kiumbe ni safari ambayo hakuna darubini iliyoiona.

Ukitaka kutazama mwenyewe, stima ikipotea usilalamike kwanza, toka nje. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, Jabari hupita karibu na utosi jioni. Chini ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari kuna doa lenye ukungu, na nyuma yake, umbali wa miaka ya nuru 1,350 hivi, ndimo kiini cha joto kilichochunguzwa kuliko vyote. Wakati wa kusi, Julai na Agosti, tazama kusini: Nge na mkia wake uliopinda, na pembeni kundinyota la Mshale, ambako Sagittarius B2 iko nyuma ya vumbi zito, miaka ya nuru karibu 26,000. Hutaona kiini chenyewe. Utaona mahali kilipo.

Watu wa Malindi wanao mchango wao katika hadithi ya nyota nzito, ila upande wa pili, wa mauti. Zile jukwaa za San Marco zilizoko baharini Ngomeni ndiko ilikorushwa, tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti ya kwanza iliyojengwa mahususi kutazama anga kwa eksirei. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Jamhuri, ikapewa jina Uhuru. Miongoni mwa ilivyovipata ni mapigo ya Centaurus X-3: mabaki ya nyota nzito iliyokufa, yanayojizungusha kila baada ya sekunde 4.8 huku yakizunguka nyota nzito nyingine iliyo hai. Nyota za namna hiyo zikilipuka hutawanya oksijeni na silikoni, na hizo ndizo huja kuwa barafu na vumbi la wingu jingine. Oksijeni iliyo nyingi duniani ilipita njia hiyo.

Upande wa kuzaliwa, Afrika Mashariki bado haina sahani yake. Ghana wanayo. Walichukua antena ya zamani ya mawasiliano ya satelaiti huko Kuntunse, yenye kipenyo cha mita 32, wakaigeuza darubini ya redio, ikazinduliwa 2017, na maseri za methanoli zilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kunaswa. Si bahati. Antena hizo zilijengwa kwa masafa ya gigahezi 4 hadi 6, na 6.7 iko jirani tu. Kenya imo kwenye orodha ya nchi washirika wa mpango huohuo wa kuipa Afrika darubini za redio, na kule Longonot kuna kituo cha satelaiti cha enzi zilezile.